Wimbo Usiohesabu Mizani

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi mbili za utungo wake, akaniuliza kama ni shairi. Nilihesabu mizani za mishororo mitatu ya kwanza, nikaona hazilingani. Nikatafuta vina, sikuviona. Nikamrudishia karatasi zake na kumwambia kwamba alichoandika ni barua iliyokatwakatwa. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, wala hakuniletea utungo mwingine mpaka alipohitimu. Jambo hilo halikunisumbua wakati ule, kwa kuwa nilidhani nimetetea sheria. Lilianza kunisumbua baadaye, na lililoniamsha ni santuri chache za kundi la wanamuziki wa Uskochi, nchi ambayo sikuitazamia kunifundisha neno lo lote juu ya ushairi. Makala haya ni habari za muziki huo, na pia ni jaribio la kulipa deni la mwanafunzi yule.

Hoja niliyoitumia siku ile ilikuwa hoja ya kale yenye heshima yake. Katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mabishano juu ya vina na mizani yakapamba moto. Watetezi wa sheria waliuliza: utungo usio na mizani utaimbwaje? Aghalabu swali hilo lilidhaniwa kuwa limekwisha kujijibu lenyewe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhani hivyo. Lakini swali linaloweza kujibiwa kwa kusikiliza halifai kujibiwa kwa kudhani. Wako watu waliotumia karibu miaka minane kuimba mbele ya umati tungo ambazo mizani zake hazilingani. Yafaa tuwasikilize kabla ya kuhukumu.

Kundi hilo liliitwa The Incredible String Band, yaani kundi la nyuzi la ajabu lisilosadikika. Asili yake ni Edinburgh, ambako Robin Williamson na Clive Palmer walikuwa wakiimba pamoja nyimbo za mapokeo kwa fidla, gita na banjo, kabla Mike Heron hajajiunga nao akawa mtu wa tatu. Mwaka 1966 Palmer aliongoza klabu ya nyimbo katika mtaa wa Sauchiehall mjini Glasgow. Joe Boyd, kijana wa Kimarekani aliyekuwa akiiwakilisha kampuni ya Elektra mjini London, aliwasikia akawapa mkataba. Elektra ilianzishwa mwaka 1950 na Jac Holzman alipokuwa angali mwanafunzi wa chuo. Ilijitegemea, haikuwa mkono wa shirika kubwa, mpaka iliponunuliwa mwaka 1970. Na kundi hili lilipoiacha mwaka huo huo liliingia Island, kampuni nyingine iliyojitegemea.

Nautaja uhuru huo wa kampuni mapema kwa sababu una sehemu yake katika habari hii. Wimbo uliotengenezwa ili uuzwe kwa wingi katika miaka ile ulikuwa na sheria kali kuliko arudhi yo yote: sharti umalizike katika muda wa dakika tatu hivi, sharti kiitikio chake kishike sikio upesi, sharti redio iukubali. Elektra iliwaachia vijana wale watoe wimbo wa dakika kumi na tatu. Basi, kabla hatujauliza walifanya nini na uhuru wao, tukumbuke kwamba kuna mtu aliyewapa.

Santuri yao ya kwanza, yenye jina la kundi lenyewe, ilitoka mwaka 1966. Mara baada yake watatu wale walitawanyika. Palmer alishika njia ya Afghanistan na Bara Hindi, na Williamson akaenda Moroko. Williamson aliporudi, na ala za Moroko mizigoni, yeye na Heron walianza tena wakiwa wawili. Mwaka 1967 walitoa The 5000 Spirits or the Layers of the Onion. Mwaka 1968 walitoa The Hangman's Beautiful Daughter, iliyofika nafasi ya 5 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza, na mwaka huo huo wakatoa Wee Tam and the Big Huge, santuri mbili kwa pamoja. Wanawake wawili, Licorice McKechnie na Rose Simpson, wakawa wenzao katika kuimba na kupiga. Kundi lilivunjika mwaka 1974. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1999 hadi 2006, baadhi yao walilifufua kwa maonyesho, lakini kazi itakayopimwa hapa ni ile ya mwanzo.

Wanaopenda kuugawa muziki katika mafungu huuita huu folki-roki ya kisaikedelia. Neno saikedelia lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kudhihirika kwa nafsi. Tabibu Humphry Osmond ndiye aliyelieneza, mwaka 1957, alipokuwa akieleza kazi ya dawa kama LSD, ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1966. Kwa hiyo muziki wa namna hii umezoea kuelezwa kama zao la kulewa: ati mwimbaji alipotewa na fahamu, na maneno yakamwagika yenyewe. Sikatai kwamba dawa hizo zilikuwapo katika maisha ya vijana wa zama zile, na wa kundi hili pia. Nakataa kwamba zaeleza lo lote juu ya utungo. Mlevi hukumbuka kuanza, hakumbuki kurudi; na nyimbo bora za kundi hili, kama nitakavyojaribu kuonyesha, zina ustadi mkubwa wa kurudi. Aliyezitunga alikuwa macho.

Tuanze na wimbo mwepesi kuufuata, First Girl I Loved, utungo wa Williamson katika santuri ya 1967. Mwimbaji anasema na msichana aliyempenda ujanani, wa kwanza katika kupendwa, ambaye njia zao zilikwisha kuachana. Anamkumbusha mambo ya miaka ile, anafikiri juu ya maisha ambayo yamkini msichana yule sasa anayaishi katika nyumba yake, anajieleza yeye mwenyewe alivyokuwa. Ala ni chache: gita, na besi, ile fidla kubwa ya kusimama, iliyopigwa na Danny Thompson. Ukiandika maneno ya wimbo huu karatasini na kuhesabu silabi utakata tamaa. Mshororo mmoja wakimbia na kujaa maneno kama mtu anayetaka kusema yote kabla mlango haujafungwa. Unaofuata ni mfupi, na mwimbaji anaijaza nafasi iliyobaki kwa kuivuta irabu moja juu na chini, kama waimbaji wa mashariki wafanyavyo. Kwa kanuni niliyomhukumia mwanafunzi wangu, hii nayo ni barua iliyokatwakatwa.

Hata hivyo wimbo hauanguki. Nini kinaushika? Kwanza, lahani yake hurudi, na kila irudipo huwa imebadilika kidogo, kwa kadiri ya maneno yaliyoijia. Pili, gita halimsukumi mwimbaji, humngoja. Lina mwendo wake, na mwendo huo ndio ardhi ambayo sauti huweza kuiacha kwa kuwa yajua itaikuta mahali pake. Tatu, na hili ndilo kubwa, wimbo mzima una msikilizaji mmoja. Kila neno linaambiwa mtu yule yule. Utungo unaweza kupotea katika kumbukumbu hii na ile, ukazungumza mzaha na majuto, lakini hurudi kwa "wewe" aliyeitwa mwanzoni. Mwimbaji wa Marekani Judy Collins aliuimba wimbo huu katika santuri yake ya 1968, akambadili msichana kuwa mvulana, na wimbo ukasimama vile vile katika kinywa kingine na kwa lafudhi nyingine. Utungo uliotegemea ajali tu ya sauti ya mtungaji wake usingaliweza safari hiyo.

Hiyo ndiyo sheria ninayodai kwamba ilikuwamo katika nyimbo hizi, nami nitaiita sheria ya marejeo. Utungo waweza kuacha hesabu ya mizani na vina iwapo una mahali pa kurudi, na iwapo msikilizaji anapajua mahali hapo hata wakati mwimbaji yuko mbali napo. Mizani na vina navyo ni namna ya marejeo: kina hutuahidi kwamba sauti fulani itarudi, na mizani hutuambia itarudi lini. Kundi hili lilivunja ahadi ya "lini", likaishika ahadi ya "itarudi".

Sheria hiyo hiyo yaonekana katika ala walizotumia. Sifa moja inayorudiwa sana juu ya Williamson na Heron ni wingi wa ala zao: gita, fidla, filimbi, udi, kinubi, harimuni, sitari, na zana nyingine nyingi ambazo watu wawili walizipiga kwa kurekodi sauti juu ya sauti studioni. Wingi peke yake si sifa. Duka la ala nalo lina ala nyingi. Sikilizeni badala yake wimbo wa Heron uitwao Chinese White, wa kwanza katika santuri ya 1967. Ndani yake Williamson anapiga gimbri, ala aliyoijua Moroko. Kwa umbo haiko mbali na gambusi la pwani yetu: tumbo lake limewambwa ngozi, na nyuzi zake hucharazwa kwa vidole. Ni ala inayohusiana sana na Wagnawa, watu ambao nasaba zao zatoka kusini ya Sahara. Williamson hakuicharaza. Aliivuta kwa upinde, kama fidla ya kwao.

Mtu anaweza kusema kwamba alifanya hivyo kwa kutojua, au kwa dharau. Masikio yangu yanasema vingine. Sauti ile kavu, yenye mkwaruzo, hukaa chini ya maneno ya Heron bila kujitangaza kuwa ni ya mbali. Haipigwi ili msikilizaji aone ngamia na jangwa. Imeingia nyumbani kwa wenyeji, ikapewa kazi. Jambo hili halitakuwa geni kwa anayejua taarabu. Fidla, kanuni na akodiani zilifika Unguja zikiwa wageni, na hakuna leo anayesikia ugeni ndani yake, kwa kuwa zilifundishwa kuyasubiri maneno ya Kiswahili. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ajionyeshe. Mahali ambapo kundi hili lilishindwa katika kuazima, na palikuwapo, ni pale ala ilipoletwa ili ionekane.

Sasa nije kwa A Very Cellular Song, wimbo wa Heron katika The Hangman's Beautiful Daughter, ule wa dakika kumi na tatu. Huu ndio ushahidi wangu mkuu. Waanza na baridi ya kipupwe na mavazi yasiyotosha. Mara waingia wimbo wa kuagana unaoimbwa kwa sauti za pamoja. Mara waja maswali mafupi mafupi. Mara tunaambiwa habari za ameba, kiumbe mdogo wa chembe moja, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto. Mwisho huja dua ya kuwatakia wasikilizaji nuru na usafi wa moyo, inayorudiwa tena na tena mpaka sauti zimalizike. Ukisimuliwa hivyo utasema ni vipande vya nguo visivyoshonwa. Lakini tazama mwisho wake na mwanzo wake. Wimbo wa kuagana ulioimbwa karibu na mwanzo ni dua juu ya maiti. Dua ya mwisho ni kwa walio hai. Katikati yake amewekwa kiumbe ambaye huzaa kwa kujigawa, na kwake kuagana na kuzaliwa ni tendo moja. Kila kipande kina mwendo wake, kasi yake na ala zake, na vyote vinarudi kwenye neno moja la heri linalosemwa wakati wa kuachana.

Wimbo ule wa kuagana una historia ambayo yafaa kila mwanafunzi wa ushairi aijue. Maneno yake ya asili yalitungwa na Sarah Doudney, mshairi wa Kiingereza, mwaka 1871, kwa beti za mizani zilizo sawa, kama desturi ya nyimbo za kanisa. Ira Sankey, mwimbaji wa injili wa Marekani, akautilia lahani. Ulifika katika visiwa vya Bahama, na huko watu ambao wahenga wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika waliufanya kuwa wimbo wa matanga. Hawakuuimba kama ulivyoandikwa. Mtindo wao ni wa sauti nyingi bila ala: mmoja huongoza, akiingiza mishororo yake kwa kadiri ya pumzi na hisia zake, mirefu au mifupi, na wenzake hushika neno la kuaga usiku chini yake na juu yake bila kuliacha. Mwaka 1965 Peter Siegel na Jody Stecher waliurekodi ukiimbwa na Joseph Spence na jamaa ya Pinder, na mwaka 1966 ulitoka katika santuri ya Nonesuch, tawi la Elektra. Kutoka hapo vijana wa Uskochi wakauchukua.

Angalia basi mizani ilivyofanyiwa katika safari hiyo. Uingereza ilikuwa imehesabiwa. Bahama ilivunjwa, si kwa uvivu wala kwa kutojua, bali kwa sababu wafiwa walikuwa na maneno ya kusema yasiyotosha ndani ya kipimo cha beti. Na badala ya mizani wakaweka kiitikio kisichotikisika. Kiongozi aliweza kwenda mbali atakako kwa kuwa wenzake walikuwa wamemshikia mahali pa kurudi. Heron hakuibuni sheria ya marejeo, aliisikia. Aliukuta wimbo ambao umekwisha kufunguliwa na watu wenye msiba, akaujengea nyumba kubwa zaidi kwa namna ile ile ya ujenzi.

Hapa liko swali la haki, wala sitaki kulipita kimya. Santuri ya vijana wale ilipendwa na kuuzwa sana. Majina ya Edith na Raymond Pinder yanajulikana kwa wachache. Je, huu si uporaji? Nafikiri mtu hana budi kutenganisha mambo mawili. Ndani ya wimbo, deni limeheshimiwa: sehemu ile haikuvikwa mzaha, haikugeuzwa pambo, imewekwa mahali pa heshima ambapo wimbo wote unaitegemea. Nje ya wimbo, katika fedha na sifa, mizani hazikulingana, na hiyo ni hesabu ambayo haifutwi kwa kusema kwamba wimbo ni mzuri. Wajibu wa mhakiki ni mdogo lakini uko wazi: asiusifu ujenzi wa Heron bila kuwataja waliomwonyesha namna ya kujenga.

Nisieleweke kwamba kila wimbo wa kundi hili ni wa kiwango hicho. Williamson alijaliwa wingi wa maneno, na wingi huo mara nyingine ulimlemea. Ziko tungo zake ambamo malaika, wachawi, wafalme na miungu ya Wagiriki wanasukumana mlangoni, na msikilizaji hajui amkaribishe nani kwanza. Sauti zao hazikuwa za kupendwa na wote, na mara nyingine hazikupatana. Walijua pia kujicheka: The Minotaur's Song humfanya yule dubwana wa Kigiriki, nusu mtu nusu ng'ombe, aimbe kama mchekeshaji wa jukwaani huku wenzake wakimwitikia. Mzaha huo ni dawa nzuri kwa watu waliosifiwa mapema. Mwaka 2003 kitabu kizima cha habari na uhakiki wao, Be Glad, kilitoka na dibaji ya Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, ambaye naye ni mshairi. Nalitaja hilo kuonyesha tu kwamba si mimi wa kwanza kuwasoma kama watunzi wa mashairi.

Kushindwa kwao kwafundisha kama kufaulu kwao. Agosti 1969 walialikwa kwenye tamasha la Woodstock, Marekani. Zamu yao ilikuwa Ijumaa usiku, usiku uliotengwa kwa waimbaji wa magita na sauti tulivu. Mvua ikanyesha, na kwa kuwa wakati huo walikuwa wakitumia ala za umeme, hawakukubali kupanda jukwaani. Melanie, msichana mwenye gita lake, alipanda mahali pao na umati ukampokea. Wao waliimba kesho yake, Jumamosi, katikati ya makundi yenye kelele kubwa, mbele ya watu waliokuwa wakingoja kitu kingine. Sitaki kulifanya tukio moja kuwa hukumu. Tahadhari ya umeme katika mvua ni akili. Lakini kundi lililoanza kwa mbao na nyuzi tupu, ambalo lingaliweza kuimba chini ya mti, sasa lilihitaji anga kavu.

Mwaka uliofuata walitoa U, mchezo mrefu wa nyimbo na ngoma pamoja na wachezaji waitwao Stone Monkey, ulioonyeshwa kwenye ukumbi wa Roundhouse, London, kisha New York. Wakosoaji wengi hawakuupenda. Wako wanaosema kwamba kilichoharibu ni kuingia kwao katika Sayantolojia, mwishoni mwa 1968. Mimi sioni kwamba imani ya mtunzi, iwe ipi, inatosha kueleza udhaifu wa utungo. Historia ya ushairi imejaa waumini waliotunga vyema na wasioamini waliotunga vibaya. Sikilizeni santuri yenyewe. Rainbow, wimbo wa mwisho, ni mrefu zaidi ya dakika kumi, na una vipande vizuri ndani yake. Lakini vipande hivyo vilikuwa vimeshikwa pamoja na wachezaji waliokuwa jukwaani, na katika santuri wachezaji hawapo. Msikilizaji anaachwa na safari bila nyumba. Katika A Very Cellular Song kila kituo kilikuwa na njia ya kurudi, nayo ilikuwamo ndani ya sauti. Katika U njia hiyo iliachwa miguuni mwa watu wengine. Uhuru ni ule ule, urefu unakaribiana, watunzi ni wale wale. Kilichopungua ni marejeo.

Mpinzani wangu, na nilikuwa mpinzani huyo kwa miaka mingi, atasema: Haya yote ni habari za wimbo. Wimbo una lahani ya kuubeba. Maneno yaliyolegea hushikwa na gita. Shairi lililo karatasini halina gita, na ndiyo maana lahitaji mizani. Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuitupa. Ni kweli kwamba mtu anayeacha mizani katika karatasi amejinyima msaada mkubwa, na wengi wanaouacha hawajui wameacha nini. Lakini hoja yenyewe yakubali kwamba kinachotakiwa ni kitu cha kushika, na kwamba mizani ni kimoja katika vitu hivyo. Katika First Girl I Loved kilichoshika zaidi ya gita ni kule kumwita mtu mmoja daima. Na hilo ni jambo la maneno, laweza kuandikwa karatasini. Katika matanga ya Bahama hapakuwa na gita lo lote.

Basi swali la kumwuliza mtunzi wa utungo huru si "Mizani zako ziko wapi?" bali "Unarudi wapi, nami nitajuaje?" Asiyeweza kulijibu, utungo wake ni porojo, hata kama amejipa jina la kisasa. Anayeweza kulijibu anastahili kusikilizwa kwa saburi ile ile tunayowapa Muyaka na Mwana Kupona. Na swali hilo litawasumbua pia wanaohesabu mizani kwa uaminifu. Nimesoma mashairi mengi ambayo kila mshororo una mizani kumi na sita kamili, vina havikosi hata kimoja, na ambayo hayarudi po pote kwa kuwa hayakwenda po pote.

Katika santuri ya 1967 Heron ana utungo juu ya kalunguyeye. Mwimbaji ni kijana ambaye mapenzi yake hayafiki mwisho wake, na kila mara mnyama huyo mdogo mwenye miiba humtokea na kumkumbusha, kwa upole lakini bila kumwonea haya, kwamba kujua maneno na sauti si kujua wimbo. Nilipousikia mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikumbuka karatasi mbili.

Mengi ya utungo ule nimeyasahau. Nakumbuka kwamba ulikuwa na mlango. Mlango ulitajwa mwanzoni, ukiwa umefungwa na mama. Ukatajwa tena katikati, na tena karibu na mwisho, na kila mara aliyeufunga alikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeuona mlango ule nilipokuwa nikitafuta vina, nikapita, kwa sababu haukuwa kina. Sasa naona kwamba ndio uliokuwa ukifanya kazi ya kina. Siwezi kuthibitisha kama utungo ulikuwa mzuri. Karatasi nilizirudisha, na mwenyewe aliniambia, nilipomtafuta, kwamba hakuzihifadhi.

Anayefundisha arudhi na aendelee kuifundisha, na aifundishe kwa ukali, kwa maana ni hazina iliyowachukua wahenga wetu karne nyingi kuikusanya, nami naendelea. Ila aletewapo utungo asioutambua, asianze kwa kuhesabu. Ausome kwanza kwa sauti, tangu mwanzo hata mwisho, mbele ya aliyeutunga.